Mama Mkasi na Kamba ya Tanga

Chumba cha mbele cha nyumba ile ya bati jekundu kimenyamaza. Kwa miaka thelathini na moja wapita njia walizoea kusikia cherehani ikikoroma dirishani tangu saa moja asubuhi, na katikati ya mkoromo, kila baada ya muda, mlio mdogo mkavu wa mkasi. Mwenye duka la mkabala anasema alikuwa akiusikia bila kuusikiliza, kama mtu anavyoisikia saa ya ukutani nyumbani kwake. Siku ulipokoma alitoka nje akaitazama barabara, akidhani umeme umekatika, asijue ni kitu gani kilichompungukia.

Aliyekuwa akikaa pale walimwita Mama Mkasi, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Mkasi ulining'inia shingoni mwake kwa utepe mweusi, hata jikoni, hata alipokwenda kumjulia mtu hali. Sifa yake ilikuwa moja: nguo yake haikuwa na uzi uliosalia. Uigeuze ndani nje, uipekue kwenye makwapa na chini ya kola, hukuti hata kinyuzi cha kumtia mtu muwasho. Mafundi wengine walimaliza nguo kwa kushona. Yeye alimaliza kwa kukata, na mpaka mkasi ulie mara ya mwisho, kwake nguo ilikuwa haijawa nguo.

Mumewe naye alikuwa fundi, ila wa kazi nyingine kabisa. Kwenye bwawa la mji palikuwa na klabu ya mashua, na kazi yake ilikuwa kuziandaa mashua za watu: kusimamisha milingoti, kupitisha kamba kila moja pahala pake, kuzisukuma majini, kisha kubaki ukingoni suruali imelowa hadi magotini akizitazama zinavyokwenda. Aliifanya miaka ishirini na sita. Hakuwa mtu wa maneno. Mtunza stoo wa klabu, aliyekuwa rafiki yake wa pekee, alipenda kusema, "Fundi akikusalimia leo, shukuru Mungu, nyingine ni mwezi ujao."

Mwaka mmoja klabu ilitupa mabaki ya mashua pacha, ile ya mitumbwi miwili myembamba iliyoungwa kwa vyuma vya kukingama, na katikati wavu mgumu wa kukalia. Fundi aliyaleta nyumbani kwa mkokoteni. Alitumia miaka mitatu nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya kuanikia nguo na karo la kufulia, akiziba nyufa na kupiga msasa. Mlingoti aliutoa kwenye mashua nyingine, kubwa kuliko hii. Tanga alilishona mkewe, jeupe, na halikuwa na uzi uliosalia.

Ilipokamilika, Fundi alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele akatoa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa ndani ya nyumba ile.

"Jumapili nikupeleke ng'ambo ya bwawa. Miaka yote napeleka watu."

"Jumapili hii?" Mama Mkasi hakuinua macho. "Baba watoto, nina sare arobaini za shule hapa. Jumapili ijayo."

Jumapili iliyofuata palikuwa na harusi ya mtu, magauni sita. Nyingine palikuwa na mapazia. Hakuwa na roho mbaya, wala hakuwa akimkataa. Wateja walikuja mwishoni mwa wiki, na mwishoni mwa wiki ndipo bwawa lilipokuwa na upepo mzuri na klabu wazi kwa wageni, basi. Fundi naye hakuwa mtu wa kuuliza jambo mara mbili kwa mwezi mmoja. Miaka miwili ikapita mashua ikiwa nyuma ya nyumba imefunikwa turubai, na watoto wa paka wakizaliwa chini yake.

Halafu asubuhi moja, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, Fundi akapigwa na kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala na mdomo umevutwa upande. Maneno yake machache yakawa hayapo kabisa. Binti yao, karani wa posta ambaye alikuwa bado akiishi nyumbani, ndiye aliyembunia lugha: kijiko cha chuma mkono wa kushoto, na mkono wa kiti wa mbao. Kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mfululizo wa haraka haraka ni "njoo upesi", na karibu kila mara maana yake ilikuwa choo.

Siku walipomrudisha kliniki, daktari alimwita Mama Mkasi pembeni, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kusugulia sakafu. Alikuwa kijana, akimtazama zaidi kifungo cha blauzi yake kuliko uso. "Moyo wake umechoka, mama. Kiharusi kingine kikija hatavuka. Kama kuna kitu mlikuwa mnataka kufanya pamoja naye, msikisogeze mbele."

Alirudi nyumbani akazifungasha nguo za wateja kwenye mabegi, zilizokwisha na zisizokwisha, akamwambia mwenye duka la mkabala awape wenyewe. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akavuta turubai. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mume wake akae juu ya wavu ule, na yeye kando yake, wafike ng'ambo.

Mtunza stoo aliposikia alikuja mbio na baiskeli yake.

"Shemeji, mashua siyo gauni. Kuiendesha nitaiendesha mimi, hilo halina shida. Lakini nani ataifunga mlingoti na kamba?"

"Mimi."

"Wewe! Atakufundisha nani?"

"Mwenye kuijua si huyo hapo kitini."

"Haongei, shemeji."

"Lini aliwahi kuongea?"

Mtunza stoo alicheka mpaka akashika mti wa kuanikia nguo. Halafu akajitolea kusaidia, akaokota kamba moja tu, na kutoka kitini kukaja kijiko: ko, ko. Akashika nyingine. Ko, ko. "Haya bwana, nimekusikia," akasema, akiinua mikono kama mtu aliyekamatwa. "Mkewe tu ndiye aguse. Huyu mzee na wivu wake wa kamba!"

Masomo yakaanza. Kila asubuhi binti na mama walimbeba Fundi na kiti chake, wakamweka penye kivuli cha ukuta, blanketi magotini. Mama Mkasi aliinua kitu, akakionyesha, akakipeleka mahali alipodhania, akangoja. Ko, ko. Akakipeleka pengine. Ko, ko. Pengine tena. Ko. Kwa njia hiyo alijifunza kwamba kila mtumbwi una kizibo kidogo nyuma na kwamba ukikisahau utazama huku unacheka, kwamba nyaya tatu ndizo zinazoushika mlingoti usianguke, mbili ubavuni na mmoja mbele, na kwamba kila waya una pini yake, na kila pini ina kipete cha kuizuia isichomoke.

Kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kichwa cha fundi cherehani, alifanya kama anavyofanya fundi cherehani anapounga vipande vya suti. Alichukua nyuzi za rangi akazifunga kwenye kila ncha na kila tundu: nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani, njano kwa njano. Fundi alizitazama zile nyuzi kwa muda mrefu. Klabuni hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Akainua kijiko, akagonga mara moja, taratibu.

"Umeona?" Mama Mkasi akamwambia binti yake, na uso ukamwiva kama msichana. "Amenisifu baba yako. Andika tarehe."

Siku waliposimamisha mlingoti, binti akivuta waya wa mbele na mama akisukuma kutoka nyuma, bega chini ya mti, jirani wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ukuta. "Mama Mkasi! Hiyo antena mnanasa televisheni ya wapi, ya ahera?"

"Ndiyo, na wewe umo kwenye taarifa ya habari!"

Kitini kukatoka sauti, siyo ya kijiko. Fundi alikuwa anacheka, kwa upande mmoja wa uso.

Iliyobaki ilikuwa kamba moja, na ndiyo kubwa. Wanaiita henza. Inafungwa kichwani mwa tanga, inapanda hadi kwenye kapi juu kabisa ya mlingoti, inazunguka pale na kushuka upande wa pili hadi mkononi mwako. Ukivuta, tanga linapanda. Lakini wiki nzima tanga lilikwama katikati, kwa sababu ukingo wake unapita kwenye mfereji mwembamba wa mlingoti na mfereji ulikuwa mkavu. Jumamosi mchana Mama Mkasi alikumbuka zipu. Zipu ikigoma, fundi huipaka nta. Akaleta kipande cha mshumaa, akaupaka ukingo wa tanga kutoka chini hadi juu, akavuta henza, na tanga likapanda lote, bila kusita, mpaka likagonga kapi. Akaikaza kamba kwenye kishikio chenye meno pale chini ya mlingoti. Upepo kidogo ukalijaza. Nyuma ya nyumba ile ndogo kukawa na weupe mkubwa kuliko nyumba.

Yeye na binti walisimama chini yake wakilitazama. Kesho yake ilikuwa Jumapili, klabu ilikwishatoa ruhusa, na mtunza stoo alikuwa aje na gari la kukokotea mashua saa tatu asubuhi.

Mama Mkasi akaikagua kazi yake kama anavyoikagua nguo kabla mwenyewe hajaja. Pini, sawa. Vipete, sawa. Vizibo, sawa. Pale chini ya mlingoti palikuwa na rundo la kamba lililobaki baada ya henza kukazwa, refu, limelala ovyo juu ya wavu mahali ambapo mume wake angekaa. Lilimkera. Kitini kijiko kikaanza kugonga, haraka, haraka, mfululizo.

"Nakuja, baba watoto, nakuja! Choo, najua. Nikate tu huu uzi."

Mkasi ukalia.

Alimkimbilia. "Choo?" Ko, ko. "Maji?" Ko, ko. Fundi hakuwa akimtazama yeye, alikuwa akitazama nyuma yake, mlingotini. Aliangusha kijiko, akainua mkono wake mzima juu, kisha akaushusha polepole. Akarudia. Mama Mkasi alidhani anashangilia. Akaushika ule mkono, akaubusu.

Jioni walipolegeza henza ili kushusha tanga ndipo alipoelewa. Tanga lilivyoshuka, kamba upande wa pili ilipanda kulipisha, na kwa kuwa sasa ilikuwa fupi, ilimtoka mkononi. Ilipanda mlingoti kama mjusi anavyopanda ukuta, ikaufikia mwisho, ikapita kwenye kapi, ikaangukia upande mwingine juu ya tanga lililolala. Lile rundo lililomkera ndiyo nusu ya kamba inayohitajika tanga likiwa chini. Bila hilo, tanga linaweza kupanda mara moja tu, na mara hiyo lilikuwa limekwisha kupanda.

"Mama," binti alisema polepole, ameshika kile kipande kilichokatwa. "Uliikata?"

"Niliisafisha," alijibu Mama Mkasi. Kisha akaketi chini, palepale kwenye sementi ya karo.

Fundi hakugonga. Mabega yake yalitikisika, na binti alipomwinamia aone kama ni maumivu, aliona ni kicheko. Mama Mkasi alisema baadaye kwamba angeweza kustahimili kutukanwa, siyo kile kicheko.

Asubuhi, Fundi alikataa kunywa chai mpaka avalishwe kwanza jaketi okozi, lile la rangi ya chungwa ambalo mkewe alikuwa amelipunguza kiuno kwa sababu alikuwa amekonda. Mtunza stoo akafika saa tatu kamili, na gari.

"Henza imefanya nini?"

"Nimeikata."

"Kwa nini, shemeji?"

"Ilikuwa inaning'inia."

Alifungua mdomo acheke, akauona uso wake, akavua kofia.

Walijaribu. Kamba zilizokuwa stoo zilikuwa nene, hazipiti kwenye kapi, na henza za mashua ndogo zote za klabu zilikuwa fupi kwa mita mbili, maana mlingoti huu ulitoka kwenye mashua kubwa ambayo klabu haikuwa nayo tena. Mama Mkasi akaleta kamba ya kuanikia nguo. Ko, ko: kamba ya kuvutika haishiki tanga. Fundo nalo halipiti kwenye kapi. Basi akaviweka vile vipande viwili ncha kwa ncha, akavishona, uzi mara nne uliopakwa nta, mishono midogo myembamba kama ya upindo wa hariri. Kazi hiyo ilimla saa mbili. Walilaza mlingoti, wakapitisha kamba, wakausimamisha tena. Mshono ukapita kwenye kapi vizuri kabisa. Mtunza stoo akapiga makofi. Tanga likapanda nusu, likapanda robo nyingine, halafu mshono ukaachia na weupe wote ukawaangukia vichwani.

"Baba," binti alipiga magoti mbele ya kiti. "Twende hivyo hivyo, bila tanga. Tutapiga makasia. Ufike tu majini."

Fundi alimtazama binti yake kwa upole mwingi. Ko, ko.

Wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini alikuwa ameingiza mashua za watu majini miaka ishirini na sita na hakuna hata moja iliyoingia ikiwa imefungwa nusu. Hakuweza kuanza na yake. Alikaa na jaketi lake la chungwa mpaka jua lilipoutoka ukuta, na mkewe alipotaka kulivua ili ale, alilishika kifuani kwa mkono mmoja.

Henza mpya iliagizwa siku hiyohiyo. "Wiki, siku kumi ikichelewa," alisema mtunza stoo. Alhamisi homa ilimwingia Fundi kifuani. Hospitalini hakukuwa na kiti cha mbao, na kijiko kiligonga chuma cha kitanda mpaka mgonjwa wa jirani akalalamika, ndipo muuguzi akakichukua. Baada ya hapo Mama Mkasi alimpa kiganja chake agongee kwa kidole. Jumanne alfajiri aliuliza, "Unanisikia?" na kidole kikagonga mara moja. Akauliza, "Umenisamehe?" Akangoja. Mpaka leo hajui kama kidole hakikugonga kwa sababu ya jibu au kwa sababu hapakuwa na mtu tena wa kukigongesha.

Henza ilifika Alhamisi. Mtunza stoo alisimama mlangoni nayo kwapani, kati ya watu waliokuja kutoa pole, asijue aitue wapi.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, Mama Mkasi aliifunga mashua peke yake, bila nyuzi za rangi. Aliisukuma majini mpaka sketi ikalowa magotini. Mtunza stoo alishika usukani, binti akakaa mbele. Upepo ulikuwa wa kutosha, na mashua ilikwenda kimya na kwa kasi ambayo hakuitegemea, mtumbwi mmoja ukiinuka kidogo juu ya maji. Ilichukua dakika kumi na nane. Ng'ambo palikuwa na matope, majani marefu, nyumba ya pampu yenye mlango wa bati, na uzio.

"Ndiyo hapa?" aliuliza.

"Ndiyo hapa, shemeji."

"Hakuna kitu."

"Hakuna. Alikuwa anapapenda."

Alipatazama mpaka mtunza stoo akasema upepo unageuka. Mashua waliiacha klabuni, na haikurudi nyuma ya nyumba.

Alirudi kwenye cherehani. Wateja walimsubiri, walimpenda, walimletea vitambaa kama zamani. Akashona. Wa kwanza kurudisha nguo alikuwa mwalimu mmoja, kwa haya nyingi: "Mama, samahani, nyuzi zinaning'inia." Wa pili alirudisha suruali, yenye nyuzi za urefu wa shibiri kwenye kila mfuko. Mama Mkasi aliichukua, akaomba radhi, akafungua mkasi na kuuweka kwenye uzi. Mkono ukabaki hapo. Binti alimkuta hivyo aliporudi kazini.

"Nipe nikukatie, mama."

"Je, kama unahitajika?"

"Ni uzi tu, mama."

"Najua ni uzi."

Kwa miezi kadhaa binti alikata nyuzi zote kila jioni, amekaa sakafuni, nguo magotini, na mama akiwa amegeuzia uso ukutani. Kisha posta ikamhamisha. Hakumwuliza mama yake kama atakuja. Alipakia sanduku la mama pamoja na masanduku yake mwenyewe, na mama akapanda basi bila kusema neno, kimya ambacho binti alikifahamu kilitoka kwa nani.

Sasa Mama Mkasi anaishi kwa binti yake, mji mwingine, ghorofa ya tatu, chumba cha upande wa ua. Kutoka pale hadi bwawani ni mwendo wa saa tisa kwa basi.